Kiti cha kunyonyeshea nyumbani: kipi ununue na kipi uachane nacho, hasa kwa joto letu hili la Tanga

Mwanamke akikaribia kujifungua hapa Tanga ataulizwa kila kitu, beseni kanunua, chandarua kipo, kanga doti ngapi, wa kumkanda kapatikana, ila hakuna anayemuuliza atakaa wapi akinyonyesha. Asa piga hesabu mwenyewe. Kichanga ananyonya mara 8 mpaka 12 ndani ya masaa 24, na wengine wakishika titi hawaachi chini ya nusu saa, kwahiyo unajikuta umekaa kitako masaa manne, matano, hata sita, usiku na mchana, na mkononi umebeba mtu.

Na msidhani naongelea starehe. Mkono ukichoka mtoto anashuka, akishuka anabaki kang'ang'ania ncha tu ya chuchu badala ya kukamata na lile duara jeusi, hapo ndo chuchu zinapasuka, mama anaogopa mtoto akiamka, ananyonyesha haraka haraka, mtoto hashibi, na wiki ya pili haijaisha ushasikia mtu anasema "huyu maziwa hana, mpeni maji ya moto, mpeni uji". Wakati WHO wanasema miezi 6 ya mwanzo ni titi tupu, hata maji hapana, halafu unaendelea na chakula kingine pembeni mpaka miaka 2 na kuzidi. Sisemi kila chuchu iliyopasuka kosa la kiti, wengine mtoto ndo hajui kukamata na hao waende kwa nesi wa kliniki awaelekeze, ila nimeona wengi dawa yao ilikuwa mto mmoja na kigoda.

Kabla sijapanga namba, jueni kinachopimwa. Nyayo zikae chini zote, sio vidole tu. Mgongo ufike kwenye egemeo bila wewe kusogea nyuma na miguu kuning'inia. Kiwiko kiwe na pa kulala bila bega kupanda juu. Hayo matatu yakitimia kiti kinafaa hata kama kimeokotwa, yasipotimia hata kiwe cha milioni utainama, na ukiinama unampelekea mtoto titi wakati inatakiwa mtoto ndo aletwe kwenye titi. Halafu kwa sisi wa pwani kuna la nne ambalo wenzetu wa Lushoto hawalijui, fukuto. Mwezi wa pili umeme umekatika, feni imelala, tumbo la mtoto limegandana na tumbo lako, ukiongeza na kiti kinachokupika makalio hapo hamnyonyeshani tena, mnalia wote.

Haya, namba moja.

Kiti cha mbao chenye mikono, cha kuchongesha kwa fundi, na mito yake iwe ya kutoa. Hiki ndo ushindi na sioni cha kukikaribia. Fundi seremala tunao kila mtaa, Makorora, Mikanjuni, Chuda, humo Ngamiani kwenye barabara za namba usiseme, na uzuri wake anakuchongea kwa kipimo chako wewe, sio cha mtu wa dukani asiyekujua. Mafundi wetu wanaongea inchi kwahiyo nenda na inchi: kimo cha kukalia ukishakaa na sponji limebonyea, inchi 16 mpaka 17, na kama wewe mfupi mwambie 15 usione aibu. Kina, yaani kutoka mbele mpaka egemeo, 18 au 19, usikubali 22 ya sofa. Mikono iwe juu ya sponji inchi 8 au 9, hapo inategemea kiwiko chako, kaa wima mbele yake akupime. Upana kati ya mkono na mkono mimi nasema usipungue 22, na hapa mafundi wengi watabisha watasema kiti kitakuwa kibaya kwa macho. Mwache abishe. Aliyejifungua kwa opresheni hawezi kumlaza mtoto juu ya mshono, anambeba kwapani, miguu ya mtoto inaelekea nyuma, na kiti chembamba hakina nafasi ya mtoto kupita na mto wake, utamgonga kisigino kwenye mbao kila siku. Mwenye mapacha ndo kabisa.

Egemeo lilale kidogo nyuma, sio wima kama benchi la mahakamani, na lipande mpaka mabegani angalau. Mikono bapa, ya upana wa kiganja, kingo zipigwe msasa ziwe za mviringo maana kichwa cha mtoto kitapita hapo.

Mbao ukipata mtiki chukua, mashamba ya Longuza yako hapo Muheza tu na mafundi wa huku wameuzoea, mkongo na mninga nazo hazina maneno. Ukisikia bei ya chini mno uliza ni mbao gani, kuna mbao laini zinapigwa vanishi nyekundu unauziwa mninga, mwaka haujaisha unakuta unga unga chini ya miguu ya kiti, wadudu washaingia. Bonyeza kwa ukucha sehemu isiyoonekana, huko chini. Ukucha ukizama, aga uondoke.

Sponji ngumu ya inchi 4, ile ya haidensiti, maana laini inazama na mama aliyeshonwa nyuzi chini akizama hivyo mshono unavutwa, na mbao tupu nayo hawezi kuikalia. Kava liwe la pamba na zipu, mbili za kubadilisha. Maziwa yanavuja, mtoto anacheua, na maziwa yakikaukia kwenye sponji kwa joto letu harufu yake siku ya tatu mtahama chumba.

Namba mbili itawashangaza. Kiti cha plastiki chenye mikono. Ndiyo, hiki hiki cha kwenye shughuli. Bei ndogo, hakishiki joto, kinapita hewa kwenye matundu ya mgongoni, kinafutwa kwa kitambaa, na asubuhi unakitoa nje barazani upepo wa bahari ukiingia. Kimo chake kinakaribia kabisa kile nilichosema. Udhaifu wake mikono imekaa chini na inateleza, kwahiyo lazima mto wa kunyanyulia mtoto, na kingine kwenye sakafu ya taili miguu inapanuka ukiegemea, kwahiyo kisukumie ukutani kwanza. Nunua kizito, kigeuze uangalie unene wa miguu, na kile kilichoanikwa juani nje ya duka mpaka rangi imepauka usichukue, plastiki iliyopauka inakatika ghafla. Kama hela yako inatosha kitu kimoja tu, mi nakwambia nunua hiki na hela inayobaki yote peleka kwenye mto.

Kitanda sijakipa namba maana unacho tayari, ila usiku ndo mahali pako. Lala ubavu, mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine kati ya magoti, mtoto ubavu akutazame tumbo kwa tumbo, pua yake mkabala na chuchu. Wa opresheni siku za mwanzo watashukuru. Akimaliza, mrudishe pake pa kulala.

Namba tatu, kukaa chini. Godoro jembamba au busati nene, mto ukutani, miguu umenyoosha. Bibi zetu arobaini zote walikaa hivi na sakafu ya saruji mchana inapoza mwili, haina gharama na mtoto haangukii popote. Kasoro ni kuinuka. Tumbo limeshonwa, mtoto mkononi, hakuna wa kukuvuta, ni adhabu. Kama nyumbani kuna mama mkwe au wifi wa kupokea mtoto basi sawa, kama uko peke yako mchana kutwa weka pembeni mpaka upone.

Namba nne sofa. Najua wengi hapa mtakasirika kwa sababu seti ya sofa ndo ya kwanza watu kununua. Sofa za kisasa zimechongwa kwa ajili ya kulala kuangalia tivii, kina chake ni kirefu, ukiegemea miguu inaning'inia, ukisogea mbele mgongo hauna kitu. Unaweza kuliokoa kwa kuweka mto mgumu mgongoni na kigoda miguuni. Za leza usithubutu, ngozi inanata, ukiinuka unasikia kama unabanduliwa plasta. Lakini kubwa zaidi ya yote ni usingizi. Mama wa kichanga anasinzia hata akiwa anaongea, na ukisinzia na mtoto kwenye sofa anateleza kati yako na egemeo, au uso unazama kwenye mto, pumzi inaziba. Kule Uingereza Lullaby Trust, wanaotoa elimu ya vifo vya ghafla vya watoto, wanasema hatari ya namna hiyo inaweza kupanda mpaka mara 50. Kwahiyo saa tisa usiku ukihisi macho mazito, sofa hapana, ni bora uende kitandani.

Tano, kiti cha bembea cha mbao. Kizuri, kinambembeleza mtoto, kinakubembeleza na wewe. Ila kinakula sebule, kwenye taili kinatembea, na kama una mtoto mwingine anayetambaa au wa miaka miwili mitatu vidole vyake vitaingia chini ya yale magongo siku moja. Kwa mzazi wa mtoto wa kwanza mwenye nafasi, kinapanda mpaka namba tatu.

Sita ni vile viti vya kunyonyeshea vya kuagiza, vinavyotangazwa mtandaoni kutoka Dar, vya kuteleza mbele nyuma na kistuli chake. Picha nzuri. Sponji nene kila upande na kitambaa cha manyoya, kimetengenezwa kwa nchi watu wanawasha moto ndani ya nyumba, na kifaa cha kuteleza kikiharibika fundi wako wa Ngamiani ataishia kukigongea misumari kiwe kiti cha kawaida. Na kwa bei yake unachongesha cha namba moja na chenji ya mto inabaki.

Kiti cha uvivu cha turubai, stuli, kona ya baraza, hivyo sivipangi hata. Kiti cha uvivu ule mti wa mbele unakata mapaja na kutoka humo na mtoto mkononi ni sarakasi.

Sasa mto, maana huu ndo unaokomboa kiti kibaya. Usinunue wa dukani laini wa kubonyea, mtoto atazama mpaka mapajani na wewe utamfuata. Nenda kwa fundi cherehani akushonee umbo la U la kuzunguka kiuno, ujazwe sufi na ushindiliwe kweli kweli. Sufi inapitisha hewa, sponji inapika. Sufi inashuka baada ya miezi, mwambie aache zipu uongezee, na uanike juani kila wiki maana ikilowa inafanya mabonge. Ukishauvaa mtoto akilala juu yake mdomo ufike kwenye titi bila wewe kumnyanyua, hapo umepatia.

Miguuni kigoda cha inchi 5 au 6 kinatosha. Kuna mtu nimemkuta anakanyagia mbuzi ya nazi, meno yako wazi kabisa, jamani.

Waajiriwa msiseme likizo ni fupi mtakitumia siku ngapi. Likizo ya uzazi ni siku 84, ya mapacha 100, na ukirudi kazini sheria inakupa mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha, ila asubuhi, jioni na usiku mtoto bado yuko na wewe na kiti ni kile kile.

Oda iweke mimba ikiwa miezi saba maana mnaijua "njoo kesho" ya mafundi. Advansi nusu, sio yote. Na usimtume baba peke yake, yeye atakaa, miguu yake itafika, atasema kizuri. Nenda mwenyewe na tumbo lako, beba mto, beba kitu cha kilo tatu hivi, hata mfuko wa unga, ukikalie kiti robo saa huku fundi anapiga randa zake. Bega likianza kuuma, mwambie anyanyue mikono ya kiti kabla hajapiga vanishi.