Basi la Oban na Glencoe: mandhari ya ajabu, ila kile kipaza sauti sikisamehe

Mama yangu ana miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Pangani, na sijawahi kumsikia mtu wa rika la wajukuu zake akimvunjia heshima. Juzi juzi nimesikia, kwenye basi la watalii la siku moja huko Scotland, kutoka Glasgow hadi mji wa bandari wa Oban na kurudi kupitia bonde la Glencoe. Tena kwa kipaza sauti.

Oban tulikula samaki bandarini, pale zinapofunga meli za kwenda kisiwa cha Mull. Foleni ya choo ilikuwa ndefu, muda tuliopewa ukaisha. Tumevuka tu daraja la Connel, mama akaninong'oneza. Nikaenda mbele kwa adabu kumwomba yule dada mwongoza watalii afungue choo cha basi, kilichofungwa tangu asubuhi. Akasema hakitumiki. Nikamwomba basi tusimame mahali. Badala ya kunijibu, akashika kipaza sauti akalitangazia basi zima kwamba kuna abiria ameshindwa kujipanga Oban, kwa hiyo wote watachelewa. Mama hajui Kiingereza kingi, ila aliona watu wamegeuka kumtazama. Akajivuta mtandio usoni.

Nimepanda mabasi ya Tanga na Arusha tangu utotoni. Konda wa kule atakuudhi kwa mengi, lakini mama mtu mzima akisema anataka kuchimba dawa, gari linasimama na hakuna anayemhoji.

Na siku yenyewe ilikuwa nzuri mno! Asubuhi ziwa la Loch Lomond lilikuwa limetulia tuli, ukungu unainuka majini. Tukapanda Rest and Be Thankful, mlima ambao udongo wake huporomoka mpaka barabara ikafungwa, tukateremkia Loch Fyne, ambako bahari imepenya ndani ya nchi hadi kuupita mji wa Inveraray. Mama akavuta harufu ya mwani, akasema, "Kumbe na huku kuna pwani." Kilchurn, lile gofu la ngome mwisho wa ziwa la Loch Awe, hakutaka kuliacha. Na dereva, mzee wa watu, Mungu ambariki: ndiye aliyeegesha basi kwenye hoteli moja kando ya barabara bila kumsikiliza yule dada, akamshika mama mkono ashuke.

Kwa ajili ya dereva nilikusudia kutoa nyota tatu, pengine nne. Kisha tukafika Glencoe. Ndiko hasa nilikotaka mama afike, aione milima ile ya Three Sisters na bonde ambamo mwaka 1692 watu wa ukoo wa MacDonald waliuawa na askari ambao wao wenyewe walikuwa wamewakaribisha kama wageni. Mama akakataa kushuka. Alisema asije akawachelewesha watu tena. Wenzetu wako nje wanapiga picha, sisi tumebaki vitini. Nyota zote nikazifuta hapo hapo.

Nimewaandikia wenye basi. Wamenijibu kwamba choo ni cha dharura tu, wakanipa punguzo la safari ijayo. Dharura ni ipi kama si hiyo? Punguzo lao wabaki nalo.

Ukitaka kwenda, nenda, nchi ile ni nzuri na haina kosa. Ila usipande na wazazi. Mama bado yuko kwangu, na Oban tutarudi kwa treni ya kutoka Glasgow Queen Street, mwendo wa saa tatu na kidogo, reli inapita kando kabisa ya Loch Awe. Choo kimo ndani, na mtu mzima haombi ruhusa kwa mtoto.