Nilimlipa dula wiki 6 kwa ajili ya presha: uzoefu wangu, Moshi

Nilipomwambia mume wangu nataka kulipia dula, aliuliza, "Dula gani, yule wa bodaboda?" Nikamweleza ni mtu wa kumsindikiza mzazi, si nesi, si mkunga, dawa hatoi. Akanyamaza, kisha akauliza bei. Shilingi 200,000 kwa wiki 6, anakuja nyumbani mara mbili kwa wiki. Kwetu Pasua hiyo si hela ndogo.

Sababu ni presha. Mimba ya wiki 35 walinipima nikakutwa na 150/100 na protini kwenye mkojo. Nikalazwa, na wiki ya 37 nikaanzishiwa uchungu. Mtoto salama. Kila aliyekuja kutuona alisema dawa ya presha ya mimba ni kuzaa. Mimi kondo la nyuma lilitoka, presha ikabaki. Siku ya tatu nikaruhusiwa na vidonge vya kushusha presha, nifedipini, pamoja na maelekezo ambayo kwa usingizi niliokuwa nao sikushika hata moja.

Dula alikuja siku ya tano. Nilitegemea mtu wa kunikanda mgongo na kunipokea mtoto nilale. Kumbe cha kwanza ni kuninyamazisha. Nimeshanyoosha mkono anipime huku namsimulia uchungu wangu, akasema, "Mama, tukae kwanza dakika 5. Miguu chini, usikunje nne. Mkono juu ya mto, usawa wa moyo. Stori baadaye." Mashine ikasoma 158/106. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu alfajiri, nikasema ni kukesha na mtoto. Hakubishana. Akasubiri robo saa, akarudia: 164/110. Akaandika zote mbili kwenye daftari pamoja na saa, akamwambia mume wangu aite bajaji.

Hospitali nililala siku mbili, wakaniongezea dozi. Huko ndiko nilikojua kwamba presha hupanda sana kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kujifungua, yaani wakati umesharudi nyumbani na watu wanakuja na zawadi, na kwamba kifafa cha mimba kinaweza kumpata hata aliyekwisha kuzaa.

Ila hela yangu niliiona jikoni. Mama mkwe alishuka kutoka Kibosho na ndoo ya mtori, amekusudia kunikalisha ndani miezi 3 kama desturi. Mtori hauna neno. Tatizo ni mkono wake wa chumvi, na magadi ya kulainisha maharage kwenye kiburu, yaani ndizi na maharage. Mimi ningeanzia wapi kumwambia? Dula, naye Mchaga, akamwamkia, akachukua kisu wakamenya ndizi pamoja, akamsifia mtori. Baadaye nikamsikia, "Mama, magadi nayo yana chumvi ileile, ulimi tu ndio hauioni." Mama akajibu amezaa watoto 7 na magadi yao. Kesho yake kiburu kilikuja na maharage magumu kidogo, na hakuna aliyesema kitu.

Kasoro zipo. Wiki ya tatu alikuja na mashine nyingine, mkanda wake mdogo, na mkono wangu ni mnene. Ikasoma juu, nikalia bure mpaka tukapata mkanda unaonitosha. Jumapili hapokei simu kabisa. Nikaenda duka la dawa nikanunua mashine yangu, na ningeanza na hiyo.

Wiki ya 6 alinisindikiza kliniki. Wakampima mtoto uzito, wakamchoma chanjo, wakataka kuniaga. Dula akanigusa kiwiko, maswali tulishayaandika. Nikaomba presha, mkojo na sukari. Daktari akakaa vizuri sasa: aliyepata tatizo hili, uwezekano wa kuugua moyo au kiharusi huko mbele ni kama mara mbili ya mwenzake, kwa hiyo presha nipime kila mwaka hata nikijisikia mzima. Mimba nyingine niwahi mapema, kabla ya wiki 16, tuzungumzie aspirini ya kusaidia tatizo lisijirudie. Bila yale maswali ningeondoka na kadi ya mtoto tu.

Leo asubuhi nimesoma 126/80. Daftari liko juu ya friji, na mama mkwe kila akishuka anataka naye apimwe. Juzi ilisoma 172/98. Akasema mashine imechoka.