Uduvi wa kugandishwa wa PE Mysis: unafaa kwa Chelmon anayegoma kula?

Unafaa, ila si siku ya kwanza. Kitatange wa Chelmon rostratus ambaye amekwisha anza kudonoa ananenepa vizuri kwa PE Mysis kuliko kwa vyakula vingi vya barafu. Yule ambaye hajagusa kitu tangu atoke dukani ni habari nyingine. Ukimmwagia uduvi huu na kusubiri, kitakachopanda ni amonia, na samaki ataendelea kukonda.

Tuanze na samaki mwenyewe, maana kosa la kwanza hutokea hapo. Chelmon ni yule mweupe mwenye mistari ya rangi ya shaba, doa jeusi kama jicho upande wa nyuma, na mdomo mrefu kama kibanio. Kwao ni kuanzia Bahari ya Andaman hadi visiwa vya Ryukyu na Australia. Kwenye miamba ya Unguja au Watamu hutamwona, ingawa kitatange mwingine wa mdomo mrefu, Forcipiger flavissimus, yupo. Mdomo ule umeumbwa kuchomoa minyoo na vidudu kutoka kwenye nyufa za mawe. Chakula kinachopeperushwa na mkondo wa pampu hakimwambii kitu. Yeye hutafuta kitu chenye umbo la kiumbe, kilichotulia mahali, akitazame kwa jicho la kushoto, kisha la kulia, ndipo adonoe. Samaki wa namna hii akikataa kula, mara nyingi ladha haina kosa. Kosa ni pale chakula kilipowekwa.

PE Mysis inatengenezwa na Piscine Energetics ya British Columbia, Kanada. Uduvi wenyewe ni wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, unavuliwa katika Ziwa Okanagan. Haukuwa wa ziwa hilo: ulipelekwa mwaka 1966 ili uwe chakula cha samaki aina ya kokanee. Mpango ukaenda kombo, kwa sababu uduvi huu hushinda kilindini mchana na kupanda juu usiku, kwa hiyo kokanee anayewinda mchana aliukosa, na uduvi nao ukamnyang'anya vidudu vidogo alivyokuwa akila. Kuuvua ni nafuu kwa ziwa, jambo zuri kwa anayejali chakula cha tangi lake kinatoka wapi. Maandishi ya zamani yanauita Mysis relicta. Tangu 2005 wataalamu wameutenga ule wa Amerika Kaskazini kwa jina la Mysis diluviana, ila ni uduvi uleule.

Asili yake ya maji baridi ina faida moja kubwa: vimelea vya samaki wa baharini, kama Cryptocaryon irritans, havisafiri nao. Hilo huwezi kulisema kwa uhakika kuhusu kamba au kombe mbichi wa sokoni.

Sasa bidhaa yenyewe. Ukiuyeyusha unaona uduvi mzima, macho meusi, miguu na mkia vipo, na mafuta yanang'aa juu ya maji. Umbo hilo ndilo linalomvutia Chelmon. Mafuta ndiyo yanayomjazia nyama ya mgongoni, na ndiyo yanayoleta usumbufu pia: skima ya protini, kifaa kinachotoa uchafu wa maji kwa njia ya povu, huacha kutoa povu kwa muda baada ya kulisha, na utando hutanda juu ya maji ikiwa mkondo wa juu ni dhaifu. Skima haijaharibika. Usiguse mpangilio wake, itarudi yenyewe.

Tatizo halisi ni ukubwa. Mysis diluviana aliyekomaa anakaribia milimita 20, na Chelmon wa sentimita 8 ana kinywa chembamba kama ncha ya kalamu. Atanyakua, atatafuna, atatema. Atarudia mara mbili tatu, kisha atachoka na kuacha, na mwenye tangi ataamini kwamba samaki hapendi PE. Dawa ni kisu. Kata kila mmoja vipande vitatu, ukiacha kichwa na macho kwenye kipande kimoja. Kwa wiki ya kwanza, Hikari Mysis, uduvi wa kugandishwa wa kampuni nyingine ambao ni wadogo zaidi, ni rahisi kwake kumeza. Anza na hao, malizia na PE.

Hatua ya kwanza ni kumtuliza. Mweke kwenye tangi la karantini la lita 80 hadi 100, joto nyuzi 25 hadi 26, uzito wa maji ya chumvi 1.025 ukilinganisha na maji safi, vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, mkondo hafifu, taa hafifu. Saa 24 za mwanzo usimpe kitu. Kama lazima aingie moja kwa moja kwenye tangi kubwa, ambalo kwa samaki huyu lisipungue lita 450, mweke ndani ya sanduku la plastiki lenye matundu lililoning'inizwa ndani ya tangi. Wenzake watamzoea bila kumgusa, nawe utaona alichokula na alichokiacha. Hasa kama kuna kangaja wa jamii ya Zebrasoma: hao wanamchapa kwa mkia, na Chelmon aliyechapwa mara moja hujificha nyuma ya mawe siku nzima.

Kuamsha hamu kunahitaji kitu kinachochezacheza. Artemia hai aliyekomaa, kiduvi kidogo cha maji ya chumvi, hufanya kazi, na minyoo myeusi hai hufanya kazi zaidi. Minyoo hiyo ni ya maji baridi, hufa kwa dakika chache ndani ya chumvi, kwa hiyo itie kidogokidogo kwenye kikombe kifupi kilichowekwa sakafuni na uondoe mabaki. Artemia usiitegemee kama mlo. Ikiwa haikulishwa vizuri kabla, haina mafuta ya kutosha, na samaki atakonda huku anakula.

Njia inayofanikiwa zaidi ni kombe. Chukua kombe mbichi, mfungue, muache nyama kwenye nusu ya gamba, mgandishe siku kadhaa kisha mbane kati ya mawe mawili, nyama ikitazama nje. Chelmon wengi huanza kudonoa humo ndani ya siku mbili tatu. Hapo ndipo PE inaingia: nyama ikipungua, sindilia vipande vya uduvi ndani ya gamba lilelile, vikae kwenye mikunjo ya nyama iliyobaki. Samaki amekwisha kuliamini gamba, atadonoa vyote pamoja. Siku inayofuata punguza kombe, ongeza uduvi. Siku ya tano au ya sita bandika uduvi kwenye nyufa za mawe pembeni ya gamba. Mwishoni upulize mbele yake kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lililounganishwa na mpira mwembamba wa hewa, taratibu, chini karibu na mawe, pampu zikiwa zimezimwa kwa dakika 10 hadi 15. Kazi yote huchukua kama siku 7 hadi 10. Ukiruka hatua, unarudi mwanzo.

Kombe asiwe mlo wa kudumu. Baadhi ya jamii za kombe na kome zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na madhara yake huonekana baada ya muda, wakati umekwisha sahau ulichokuwa ukimlisha.

Uandaaji: vunja kipande kama ukucha wa dole gumba, kitie kwenye kikombe cha maji ya tangi kwa dakika 10. Maji ya moto hulainisha uduvi na kuufanya uvunjike. Chuja kwa wavu mwembamba na umwage yale maji ya kuyeyushia, kwani yanaongeza fosfeti bila kumshibisha yeyote. Ukitaka kuongeza vitamini, matone mawili ya Selcon kwa dakika 15 yanatosha. Kitunguu saumu kinasifiwa sana na hakistahili. Kinaweza kumfanya samaki ageuke kutazama, lakini kipande kikubwa kitatemwa vilevile. Chelmon wa sentimita 10 anatosheka na uduvi 10 hadi 15 uliokatwa, mara tatu kwa siku. Mlo mmoja mkubwa hausaidii, kwa sababu samaki huyu ameumbwa kudonoa kutwa. Kilichobaki baada ya nusu saa kivute kwa mpira.

Soma tabia yake. Akitema, kata vipande vidogo zaidi. Akisogea, akatazama, akageuka, hamisha chakula mahali pengine au punguza mkondo. Asipotoka kabisa, tazama wenzake na taa. Lakini akihema haraka, akijikwaruza kwenye mawe, au jicho likiwa na ukungu, acha kuhangaika na menyu. Huenda ana minyoo bapa ya ngozi na matamvua, Neobenedenia au jamaa zake. Mzamishe dakika 5 kwenye maji yasiyo na chumvi yenye joto na pH (kipimo cha uchachu) sawa na ya tangi, yakipulizwa hewa. Minyoo ikiwepo hugeuka myeupe na kudondoka, kisha tibu kwa praziquantel. Kinyesi cheupe kirefu kama uzi kinaelekeza kwenye vimelea vya tumbo. Hakuna uduvi wa Kanada wala wa Mafia utakaomnenepesha samaki mwenye hali hiyo.

Na kuhusu uduvi mkavu wa sokoni, swali linaloulizwa sana na wafugaji wa pwani: kwa Chelmon hapana. Unaelea, ni mgumu, na mara nyingi umetiwa chumvi. Samaki aliyezoea kula anaweza kuudonoa ukilowekwa, ila anayegoma hatausogelea.

Kuna samaki ambao hata njia hii haiwaokoi. Chelmon mdogo wa sentimita 5, au yule ambaye nyama ya nyuma ya kichwa imebonyea kama kisu, asinunuliwe kwa huruma. Wale waliovuliwa kwa sumu ya sianidi wanaweza kula vizuri na bado wakafa. Mwambie muuzaji amlishe mbele yako. Akikataa dukani, mwache palepale, urudi baada ya wiki.

Tukirudi kwenye pakiti, ile bapa inafaa kuliko vipande vya kete kwa sababu unavunja kiasi unachotaka, na milo mitatu midogo inahitaji hilo. Siku unayoinunua, ivunjevunje ikiwa bado ngumu, gawa kwenye mifuko midogo, itunze kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kabla ya kulipa iinue uitazame kwenye mwanga: uduvi uonekane mmojammoja, wa rangi ya fedha au waridi hafifu. Ukiona bonge moja la kahawia, vichwa vimekuwa vyeusi na barafu nene imejikusanya kona moja, iliyeyuka njiani ikagandishwa tena. Hiyo usiichukue hata kwa nusu bei.