Uzoefu wangu na seti ya moduli ya mwezini ya Apollo 11, kipimo cha 1/48: plastiki nzuri, foili ya kutupa

Seti hii ni ya Eagle, yaani LM-5 (LM ni kifupi cha moduli ya mwezini), iliyotengenezwa na Grumman na kutua mwezini Julai 20, 1969. Chombo chenyewe kilikuwa na kimo cha takriban mita 7 na upana wa mita 9.4 kutoka mguu hadi mguu wa upande wa pili. Kwa kipimo cha 1/48 modeli inatakiwa isimame sentimita 14.6 na itande karibu sentimita 19.6. Kimo kimetoka sawasawa. Upana umezidi milimita 2 hivi ukifuata maelekezo ya boksi, na kosa hilo linarekebishika kabla gundi haijafunguliwa. Kalibu za modeli hii zinauzwa ndani ya maboksi ya majina tofauti, kwa hiyo mnunuzi aangalie vipande, asitazame picha ya kifuniko.

Ndani kuna fremu tano za plastiki ya kijivu, fremu moja ndogo ya plastiki angavu, shuka moja ya foili ya dhahabu, stika za maji na kijitabu. Plastiki ni ya ugumu mzuri: inakatika safi na inakubali msasa bila kuota manyoya. Mistari ya kalibu ipo, ila ni myembamba, na mgongo wa kisu unaifuta. Maungo yanakaa vizuri kuliko nilivyotarajia kwa chombo chenye pembe nyingi namna hii. Sehemu ya kushukia, yaani nusu ya chini yenye miguu, ina pande nane na zinafungana bila fila (uji wa kuziba nyufa), ilimradi uanze na sakafu, upandishe pande nne za miguu kwanza, halafu ndiyo uweke nne zinazobaki. Ukizunguka upande mmoja baada ya mwingine kama kijitabu kinavyoonyesha, makosa madogo yanajikusanya na upande wa nane unakataa kuingia.

Miguu ndiyo iliyonikera zaidi kwenye plastiki. Kila mguu una mhimili mkuu mmoja na mihimili midogo miwili inayourudisha kwenye mwili. Pini za mihimili midogo zimeachwa ndefu mno, zinasukuma sahani ya mguu nje kwa milimita 1 kila upande, na hapo ndipo zinapotoka zile milimita 2 za ziada. Kata milimita 1 kwenye kila pini, jaribu bila gundi, ongeza kukata ikibidi. Halafu usitumie gundi inayokauka upesi. Weka gundi ya kawaida ya plastiki kwenye miguu yote minne, simamisha modeli juu ya kipande cha kioo, hakikisha kila sahani imekigusa, na uiache siku nzima. Ukiunganisha mguu mmoja mmoja kwa supa gluu utapata modeli inayoyumba, na hakuna namna ya kuirekebisha bila kuvunja.

Kijitabu kinataka miguu iwekwe hatua ya tatu. Usikitii. Miguu ikishakaa, kidole hakifiki tena nyuma ya mihimili, na huko nyuma ndiko foili inakotakiwa kulala. Utaratibu unaofaa ni mwili kwanza, kisha rangi, kisha foili ya mwili, kisha miguu, na mwisho foili ya miguu na sahani zake.

Kosa kubwa la usahihi liko kwenye vijiti vya kugusia, vile vyembamba vilivyoning'inia chini ya sahani ili kuwaarifu wanaanga kwamba wamegusa ardhi. Boksi lina vinne, vyote vimenyooka na vina unene wa milimita 1. Eagle ilikuwa na vitatu tu, kwa sababu cha mguu wa ngazi kiliondolewa kabla ya safari. Urefu wake wa kweli ulikuwa takriban mita 1.7, ambao kwa kipimo hiki ni milimita 35.5. Na chombo kikishatua, vijiti hivyo havisimami wima, vinapinda na kulala pembeni mwa sahani. Anayefuata boksi anapata chombo kilichosimama juu ya vijiti vyake, jambo lisilowezekana. Tupa vya plastiki, tumia waya wa shaba wa milimita 0.3, toboa sahani kwa kekee ya ukubwa huohuo, ingiza, kisha upinde. Picha za mwezini za kamera ya Hasselblad, za magazini (kasha la filamu) namba 40, zinaonyesha jinsi kila kimoja kilivyolala, na NASA imeziweka wazi kwa ubora mkubwa.

Sasa foili. Hapa ndipo modeli ya moduli ya mwezini inapopona au kufa, na hapa ndipo watengenezaji wa seti hii walipolala usingizi. Shuka waliyoweka ina mgongo wa karatasi na unene wa karibu milimita 0.1. Kwa kipimo cha 1/48 huo ni unene wa karibu milimita 5, yaani blanketi jepesi la kukinga joto lililofunika chombo limegeuzwa ubao. Mikunjo imepigwa kwa roli, kwa hiyo ramani ileile ya mikunjo inajirudia kila sentimita chache, na jicho linaikamata papo hapo. Rangi nayo ni ya manjano ya karatasi ya pipi.

Ile "dhahabu" ya Eagle haikuwa dhahabu. Ilikuwa Kapton, plastiki nyembamba ya rangi ya kaharabu, iliyopakwa alumini upande mmoja, na upande wa plastiki ndio uliotazama nje. Mwanga unapita kwenye kaharabu, unagonga alumini, unarudi umepata rangi. Ndiyo maana picha moja ina manjano, rangi ya chungwa na kahawia kwenye blanketi lilelile, kutegemea pembe ya jua. Rangi ya kopo haifanyi hivyo, wala foili ya dhahabu iliyochapwa haifanyi.

Kinachofanya hivyo ni tepu ya Kapton ya mafundi wa elektroniki, ile inayotumika kukinga sehemu za bodi wakati wa kulehemu, ikibandikwa juu ya foili ya alumini ya jikoni. Nunua yenye upana wa milimita 50. Tandaza foili juu ya kioo, upande unaong'aa juu, shusha tepu kuanzia ukingo mmoja huku ukiikandamiza kwa kitambaa laini. Povu la hewa likibaki litaonekana kama doa jeupe, na halitoki baadaye. Tabaka moja linatoa kaharabu nyepesi. Matabaka mawili yanatoa rangi iliyokolea, karibu na chungwa. Tengeneza vipande vya aina zote mbili, maana blanketi za chombo halisi hazikulingana rangi.

Kupata umbo la kila paneli, weka karatasi nyembamba juu ya plastiki na uipitishe penseli ikiwa imelala hadi kingo zijichore. Kata foili ikiwa imezidi milimita 2 kila upande, kisha ikunje taratibu kwa vidole, ifungue, ilaze kwenye kioo na uipitishie mpini wa brashi mara moja au mbili. Mikunjo inatakiwa iwe midogo. Mkunjo wa milimita 4 kwenye modeli ni sentimita 19 kwenye chombo, na blanketi linaonekana kama turubai.

Gundi nyeupe ya mbao haifai hapa, ingawa wengi wanaipendekeza. Ikibanwa kati ya foili na plastiki hakuna mahali pa maji yake kutokea, na kesho yake paneli bado inateleza. Tepu nyembamba ya gundi pande mbili inafanya kazi safi zaidi na haiyeyushi plastiki. Ibandike kingo tu na katikati kidogo, ili foili ibaki imevimba kwa ndani mahali fulani, kwa sababu blanketi lenyewe halikuwa limegandamana na mwili. Mishono ya chombo halisi ilizibwa kwa vipande vya tepu. Inchi 1 kwa kipimo hiki ni milimita 0.5, inchi 2 ni milimita 1. Kata vinyuzi vya upana huo kwa wembe mpya na uviweke kwenye maungio, vingine vikiwa vimepinda kidogo. Ukivinyoosha vyote kwa rula, modeli inapoteza uhai.

Onyo moja kuhusu tepu hii: gundi yake ni ya silikoni. Ikigusa plastiki ambayo bado hujaipaka rangi, rangi itajikusanya na kuacha matundu kama macho ya samaki, na kuosha kwa sabuni hakusaidii sana. Maliza rangi yote ya mwili, iache ikauke kabisa, ndipo tepu iletwe mezani.

Paneli nyeusi za sehemu ya kushukia ni shughuli nyingine. Kwenye chombo zilikuwa shiti nyembamba za chuma zilizopakwa rangi nyeusi ya kuhimili joto la injini, na kijitabu kinasema tu "nyeusi isiyong'aa". Nyeusi tupu kwenye modeli ndogo inameza kila mstari. Changanya sehemu 8 za nyeusi na sehemu 2 za kijivu cha wastani, puliza tabaka nyembamba kwa brashi ya hewa, halafu badilisha paneli chache kwa kuongeza kijivu au kahawia kidogo. Sehemu ya kupandia, yaani nusu ya juu, vivyo hivyo: mchanganyiko wa paneli nyeusi na za alumini iliyofifia, kila moja kivyake. Ziba kwa tepu ya kupakia rangi, paneli baada ya paneli. Kazi hii inachosha kuliko foili, nasema wazi, lakini hakuna njia ya mkato.

Injini ndogo 16 za kuelekezea, nne kwa kila kona, zimechongwa vizuri ila nozeli zimezibwa. Midomo yake ina kipenyo cha karibu milimita 3. Chimba katikati kwa kekee ya milimita 1.5 ukiizungusha kwa mkono, kisha panua kwa ncha ya kisu hadi ukingo uwe mwembamba. Kekee ya umeme itayeyusha plastiki. Vikinga moto vinne vilivyokaa chini ya injini hizo vimo kwenye boksi na ni sahihi kwa Eagle. Moduli ya Apollo 10 haikuwa navyo, kwa hiyo anayetaka kujenga hiyo aviache.

Madirisha mawili ya pembetatu ni mazito mno. Badala yake tumia asetati ya milimita 0.2, na kwenye dirisha la kamanda, la kushoto ukiwa ndani, kwaruza kwa sindano ile mizani ya mistari aliyoitumia kulenga mahali pa kutua. Inaonekana tu mwanga ukija kwa ubavu, nami naona inastahili dakika zake. Ndani piga kijivu kilichokolea, inatosha.

Boksi linajinadi kwamba linaweza kujenga moduli yoyote ya Apollo 11 hadi 17. Si kweli. Kuanzia Apollo 15 nozeli ya injini ya kushukia ilirefushwa inchi 10, sawa na milimita 5 za modeli, na kulikuwa na gari la mwezini lililokunjwa ubavuni. Nozeli iliyomo ni ile fupi, na gari halimo. Anayetaka Falcon, moduli ya Apollo 15, atafute seti nyingine, na asisahau kwamba nozeli ya Falcon ilijikunja ukingo wakati wa kutua.

Stika ni nyembamba na rangi zake zimekaa, lakini hazishiki juu ya foili iliyokunjika. Bendera na maneno ya UNITED STATES yabandike kwanza kwenye shiti ya plastiki ya milimita 0.13 iliyopakwa rangi ya paneli husika, kata kwa wembe, kisha bandika kipande chote. Kabla ya kukata, linganisha na picha za mwezini. Usitegemee sana picha za LM-2, moduli nyingine iliyoko jumba la makumbusho la Washington. Ile haikuruka kamwe, ilirekebishwa ifanane na Eagle, na foili yake ilivalishwa upya.

Wanaotaka kuiweka juu ya ardhi ya mwezi wakumbuke kwamba sahani za Eagle zilizama inchi 1 au 2 tu, kwa hiyo kwenye modeli ni nusu milimita hadi milimita 1. Kuzizamisha zaidi ni kosa la kawaida. Na ukiweka mwanaanga chini ya ngazi, rafu ya vifaa iliyo kushoto kwa ngazi ukitazama kwa mbele haiwezi kuwa imefungwa, kwa maana Armstrong aliifungua akiwa bado anashuka, na kamera ya televisheni ilikuwa humo. Boksi limeichonga ikiwa imefungwa, kipande kimoja na ukuta. Ikate kwa msumeno mwembamba kabla ya kuunganisha pande nane. Baada ya hapo msumeno haupati nafasi ya kupita.