Uzoefu wangu: makasha matupu ya DS kwa ajili ya kaseti za Game Boy

Kwa miaka mingi kaseti zangu za gemu za Game Boy, ile mashine ya mkononi ya Nintendo, zilikaa kwenye boksi la viatu. Nikitaka moja, nachakura zote, na nikichakura nazisikia zikigongana. Lebo zikaanza kuchubuka kwenye pembe. Maboksi yake ya asili yalikuwa ya karatasi ngumu, na wengi wetu tulizipata kaseti hizi tukiwa watoto, kwa hiyo boksi lilichanwa siku ile ile ya kufunguliwa na hakuna aliyelililia. Leo ndiyo tunalia.

Nikaamua kununua makasha matupu ya plastiki, yale ya gemu za Nintendo DS, mashine iliyokuja baada ya Game Boy, niyachonge ndani ili kaseti ikae. Nimeshamaliza makasha 24, na ya kwanza kati yake yana miezi minane rafuni. Ninayoandika hapa ni kuhusu makasha yenyewe na kazi niliyoyafanyia, maana huwezi kuyasifu wala kuyalaumu bila kusema ulichoyafanya.

Kwa nini ya DS? DS ilipotoka mwaka 2004 ilikuwa na tundu la pili la kuchezea kaseti za Game Boy Advance (toleo la baadaye la Game Boy), na makasha ya gemu zake yaliyouzwa Marekani yalitengenezwa yakiwa na nafasi mbili ndani: moja ndogo ya kadi ya DS na nyingine ya kaseti ya Advance. Kwa hiyo kama mkusanyiko wako ni wa Advance tu, kazi yako ni nyepesi mno. Unanunua kasha lenye nafasi hiyo, unaibonyeza kaseti mpaka isikike "tak", unachapisha jalada, basi. Kaseti zangu za Advance zilimaliza kuhamia makwao ndani ya dakika chache na sina la ziada la kusema juu yake, isipokuwa hili: si kila kasha tupu linalouzwa kama "la DS" lina nafasi hiyo. Mengine yana sehemu ya kadi ndogo peke yake. Omba picha ya ndani kabla hujalipa.

Kazi halisi ni kaseti za Game Boy ya mwaka 1989 na za Game Boy Color ya mwaka 1998. Hizi zina umbo moja, kama milimita 65 kwa 57, unene karibu 8. Ya Advance ina upana huo huo wa 57 lakini kimo chake ni kama milimita 35 tu, karibu nusu. Kaseti ya zamani haiingii kwenye nafasi iliyopo, na ukiilaza juu yake kasha halifungi. Lazima vibanio vya ndani, vile vijino vya plastiki vinavyoshikilia kaseti ya Advance na kadi, viondoke.

Kundi la kwanza la makasha nililonunua lilikuwa baya, na nilijua nilipolifungua tu. Plastiki ilikuwa nyembamba kiasi kwamba ukiliinua kasha kwa mkono mmoja linajikunja. Haya makasha ni polipropilini, na plastiki hiyo ikiwa nzuri bawaba yake hukunjwa mara maelfu bila kukatika. Ya kwangu yaliweka mstari mweupe baada ya kufunguliwa mara tatu. Balaa lilikuja nilipoanza kukata. Kibanio kilikuwa kimeungana na sakafu nyembamba, kwa hiyo nilipokikata kwa koleo kiling'oka na kipande cha sakafu yenyewe, likabaki tundu la ukubwa wa punje ya mchele. Tundu halionekani ukiwa umeweka karatasi ya jalada, lakini ukipitisha kidole nyuma ya kasha unalihisi, na karatasi inadidimia pale. Niliharibu matano kwa namna hiyo. Nilimwandikia muuzaji, nikamtumia na picha, hakujibu kitu. Kundi la pili nililinunua kwa mtu mwingine aliyekuwa tayari kuniambia uzito wa kasha moja kwa gramu. Mimi nilikuwa na kasha halisi la gemu nyumbani, nikapima, nikalinganisha, nikaagiza. Haya ndiyo yaliyobeba mkusanyiko wangu, na ndiyo ninayoyasifu.

Sasa ukataji. Polipropilini ni laini na ina ukaidi wake: haivunjiki kwa mlio kama plastiki ngumu, inajipinda, inakuwa nyeupe, halafu inanyofoka vibaya. Nilijaribu kimashine cha mkono kinachozunguka, kile cha kusagia. Usijaribu. Kwa mwendo wa kasi plastiki haikatiki, inayeyuka, inajiviringisha kwenye ncha ya mashine kama uzi wa nta, na inapopoa inaacha makovu yenye ncha kali. Kilichofanya kazi ni koleo ndogo ya mafundi umeme, ile yenye mdomo bapa upande mmoja. Unakata kibanio nusu ya kimo chake kwanza, kisha unarudia chini zaidi, na kipande cha mwisho unakipunguza kwa kisu kikali kilicholazwa karibu sawa na sakafu, ukisukuma mbali na vidole vyako. Usikizungushe kibanio ili king'oke. Mikato mitatu ya subira inaacha sakafu safi kuliko mkato mmoja wa nguvu. Msasa haukunisaidia sana, plastiki hii hutoa manyoya badala ya kulainika.

Kuna na vibanio vya upande wa mfuniko, vile vya kushikia kitabu cha maelezo. Nilivisahau kabisa kwenye kasha la kwanza. Nilifunga, nikaona mdomo wa kasha umebaki wazi kidogo upande wa chini, nikabonyeza. Nilipofungua, kibanio kilikuwa kimechora mstari juu ya lebo ya kaseti, kuanzia kwenye jina la gemu mpaka pembeni. Mstari huo upo mpaka leo. Kabla hujafunga kasha kwa mara ya kwanza, weka kipande cha karatasi laini juu ya kaseti, funga polepole, fungua, tazama kama karatasi ina alama. Ikiwa na alama, kuna kitu mfunikoni kinagusa.

Ukishakata, una chumba kitupu. Kaseti itashikwa na nini? Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko kote, na ningependa mwenzangu asipotee.

Wazo langu la kwanza lilikuwa gundi. Nilikata vipande vinne vyembamba vya plastiki nikavigandisha kwa gundi ile ya papo hapo kuzunguka kaseti, kama uzio. Vilishika. Nikafunga kasha, kaseti ikiwa ndani, nikaenda kulala. Asubuhi nilipofungua, vipande viwili vilikuwa vimebanduka vyenyewe, kwa sababu polipropilini haipokei gundi. Ina uso wa utelezi ambao gundi nyingi za kawaida hazishiki. Lakini hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni kaseti. Upande mzima uliokuwa karibu na gundi ulikuwa na ukungu mweupe, kama pumzi ya mtu kwenye kioo, ila haufutiki. Gundi hiyo inapokauka hutoa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hutua kwenye kilicho karibu na kuganda. Mimi nilikuwa nimeufungia ndani pamoja na kaseti niliyoitunza tangu utotoni. Plastiki ya kijivu niliisugua ikapungua ukungu. Lebo sikuthubutu kuigusa.

Tangu siku hiyo hakuna tone la gundi linaloingia kwenye makasha yangu.

Jibu lilikuwa sponji, lakini si sponji yoyote. Ile laini ya njano ya kwenye magodoro ni poliyurethani, na baada ya miaka huanza kuwa unga na kunata. Hutaki unga huo kwenye meno ya kaseti, vile vipande vya chuma vinavyogusana na mashine. Nilitumia shiti za EVA, zile wanazotumia watu wa kazi za mikono na wanaotengeneza mavazi ya maonyesho, zenye unene wa milimita 6. Unapima ndani ya kasha, unakata shiti ikizidi kama milimita moja kila upande, halafu katikati unatoboa dirisha la 64 kwa 56, yaani dogo kwa milimita moja kuliko kaseti. Shiti inajibana yenyewe kwenye kuta za kasha, na kaseti inajibana kwenye shiti. Kwa kuwa kaseti ina karibu milimita 8 na shiti ina 6, inabaki imechomoza kidogo, kiasi cha kushikika. Na bado unahitaji kuchonga nusu duara ubavuni pa dirisha, pa kuingiza ncha ya kidole, vinginevyo utaivuta kwa kucha na kuichubua lebo uliyokuja kuiokoa.

Jambo moja nililogundua nikiwa kwenye kasha la nane au la tisa: usikate vibanio vyote. Viwili vilivyo mbali na pale kaseti itakapolala, vipunguze tu mpaka vibaki vijiti vya milimita tatu au nne. Ukiiweka shiti juu yake na kubonyeza, vinazama ndani ya EVA kama misumari na shiti haiendi popote, hata ukilitikisa kasha kichwa chini. Makasha yangu ya mwanzo hayana vijiti hivyo na shiti zake husogea kidogo kila nikitoa kaseti. Ya baadaye hayasogei hata kwa unywele.

Kata juu ya ubao mpya, kwa rula ya chuma na kisu cha wembe ambacho umetoka kukivunja ncha iliyochakaa. EVA ikikatwa na kisu butu inavutika na dirisha linatoka na kingo za mviringo, halafu kaseti inalegea. Pita mara tatu kwa wepesi, usikandamize.

Kabla ya kuiweka kaseti ndani, safisha meno yake kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti safi ya isopropili, acha ikauke. Nyingine zina betri ndogo ya duara inayotunza mahali ulipofikia kwenye gemu, na betri hizo zina umri. Mimi niliona ni wakati mzuri wa kuziwasha zote kwanza nijue ipi bado inatunza na ipi imekufa, nikaandika kwenye kikaratasi nyuma ya jalada. Kasha halitaizuia betri kuisha, lakini angalau najua nilichonacho.

Majalada yalinipa raha kuliko nilivyotegemea. Nilichukua karatasi ya jalada kutoka kasha halisi, nikaipima kwa rula, upande wa mbele, mgongo na nyuma, nikatengeneza kiolezo kwa vipimo hivyo. Jalada lote linaingia kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa. Kosa linalowapata karibu wote ni la printa: imewekwa ijirekebishie picha itoshe ukurasa, kwa hiyo inaipunguza kwa asilimia chache bila kukuambia. Mgongo unatoka mwembamba na jina linahamia pembeni. Weka asilimia 100, chapisha kwanza kwa wino mweusi kwenye karatasi ya kawaida, ingiza kwenye kasha, tazama. Ikikaa, ndipo uweke karatasi nzito. Migongo yangu nimeipa rangi tatu: kijivu kwa gemu za Game Boy ya kwanza, nyeusi kwa zile zinazochezeka kwenye mashine zote mbili, ya kwanza na Color, na zambarau kwa za Color peke yake, ambazo unazitambua kwa sababu hazina ule mkato wa pembe ya juu. Nikisimama mbele ya rafu sasa najua mkono uende wapi.

Kuna ombi moja ninalolirudia kwa kila anayeniuliza: usichonge kasha halisi la gemu ya DS. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa kuwa kasha la gemu isiyopendwa lipo karibu. Hiyo gemu nayo ina mtu wake, na miaka ishirini ijayo atakuwa anatafuta kasha lake kama sisi tunavyotafuta maboksi ya karatasi. Makasha matupu yapo, tumia hayo.

Kundi la pili la makasha nalipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naipunguza kwa sababu plastiki yake angavu ya nje ilikuja na mikunjo kwenye makasha matatu, na mikunjo hiyo inaonekana juu ya jalada taa ikiangaza. Kundi la kwanza halistahili hata nyota moja, maana kasha lisiloweza kukatwa kibanio bila kutoboka halifai pia kuhifadhi gemu ya DS yenyewe.

Kaseti mbili zimebaki kwenye boksi la viatu. Moja ni Pokémon Pinball ya mwaka 1999, ambayo ina betri ya AAA ndani yake kwa ajili ya mtetemo, na kichwa cha kaseti yenyewe kimevimba. Nyingine ni Game Boy Camera, yenye jicho la duara juu. Nimezipima mara mbili, na kwa kina cha kasha hili hazifungiki hata ukiondoa kila kitu ndani. Nimezifungia kila moja kwenye kipande cha EVA kilichobaki.