Uzoefu wangu: nyumba ya kupanga Bequia na pampu iliyoshika hewa

Nilikusudia kutoa nyota nne. Natoa moja, na hiyo ni ya maji ya Princess Margaret Beach, ambayo mwenye nyumba hana mkono nayo.

Kufika Bequia, kisiwa kidogo cha Karibiani, hakuna kazi. Ukishuka uwanja wa Argyle, Saint Vincent, chukua teksi hadi Kingstown, panda feri, na kwa kama saa moja uko Port Elizabeth, bandari ya Bequia. Plagi nyingi ni zile zile za pini tatu za kwetu, magari yanapita kushoto. Mtu wa Tanga au Mombasa hashangai kitu mpaka afungue bomba.

Bequia haina mto. Maji ya nyumba nyingi ni ya mvua: yanatoka paani, yanapita kwenye gata, yanaingia tangi la zege chini ya sakafu, kisha pampu inayasukuma bombani. Paa la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 25 linaleta kama lita 2,000, ukitoa yanayopotea njiani. Watu wanne wanaooga kama wako mjini wanazimaliza kwa siku tatu hivi. Kuanzia Januari mpaka Mei mvua ni chache, kwa hiyo mwenye akili huteremsha kijiti tangini kupima maji kabla mgeni hajafika.

Hapa kijiti hakikuteremshwa. Jioni ya kwanza, mtu ana sabuni mwilini, bomba likakohoa mara mbili likanyamaza, na pampu huko chini inanguruma bure. Jibu la msimamizi kwenye simu: tulia, uko likizo, hapa ni kisiwani.

Nitulie vipi? Sili ya shafti (ile inayozuia maji yasivuje pale mhimili wa mota unapoingia kwenye pampu) hupozwa na maji yale yale yanayopita ndani ya pampu. Ikizunguka kavu kwa muda inaungua, na kuanzia hapo inavuja tu. Kwa hiyo kwanza zima umeme. Pili, funua tangi uangalie: maji yakiwa chini ya mdomo wa bomba la kunyonyea, hakuna ufundi, yanatakiwa maji. Yakiwepo (na yalikuwepo, kama robo ya tangi), pampu imeshika hewa, ndiyo maana hainyonyi. Fungua kizibo cha juu ya pampu, mimina maji polepole mpaka mapovu yaishe, rudisha kizibo, acha bomba moja wazi, washa. Ndoo moja inatosha.

Ukiijaza na baada ya saa moja imekauka tena, mkosaji ni valvu iliyo mwisho wa bomba la kunyonyea, kule chini tangini. Jani moja kutoka kwenye gata likikaa chini ya ulimi wake, haufungi, na maji yote yanarudi tangini. Ndivyo ilivyokuwa. Chujio la gata halikuwepo kabisa!

Nikaona na jingine. Ukifungua bomba kidogo tu, pampu inawaka na kuzima kila baada ya sekunde mbili tatu. Hapo mpira wa ndani ya tangi la presha (lile dogo kando ya pampu linalotunza msukumo wa maji) umekwisha. Bonyeza sindano ya kujazia upepo, kama ya tairi: ikitema maji badala ya upepo, mpira umetoboka. Pampu ikiwaka hivyo mchana kutwa, kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, haichukui muda kufa.

Niwe mkweli, fundi aliyekuja, siku ya pili au ya tatu, alikuwa hodari na mpole. Alibadilisha valvu, akafunga wavu kwenye gata, hata nusu saa haikufika. Kibaraza kinatazama Admiralty Bay yote, na kitanda ni kizuri. Nikapandisha hadi nyota tatu.

Kisha msimamizi akaandika kwamba wageni ndio walioharibu pampu kwa kuoga sana, na bei ya valvu akaikata kwenye amana. Zile nyota mbili nimezichukua tena.