Waliokuja kupima asbesto walituachia vumbi lake

Baada ya masika, bamba moja la paa la nyumba ya marehemu baba hapa Mombasa lilipata ufa juu ya chumba anacholala mama, na kwa kuwa nyumba ilijengwa enzi ambazo wengi waliezeka kwa asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu, sikumruhusu fundi wa mtaani apande na msumeno wake. Nilitafuta kampuni ya upimaji, nikalipa nusu ya fedha mapema, nikangoja.

Kijana waliyemtuma alifika na nyundo na bahasha moja ya kaki. Hakuwa na maji wala barakoa ya maana. Alipanda ngazi, akaligonga bamba likiwa kavu, akachukua kipande cha ukubwa wa kiganja, na vilivyobaki vikaanguka uani, kwenye uchaga wa vyombo, hatua chache kutoka alipokuwa akicheza mjukuu wangu wa miaka 4. Kisha akaomba ufagio, na kabla sijamzuia akawa amekwisha kufagia.

Nilikuwa nimesoma ya kutosha kabla ya kuwaita. Nyuzi za asbesto zikiwa zimeshikwa na saruji katika bamba zima hazina hatari kubwa. Bamba likivunjwa kavu, zinakuwa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho, ambalo huingia ndani kabisa ya mapafu. Ndiyo maana sehemu inayokatwa hulowanishwa kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, kipande kisichozidi sarafu hutiwa katika mifuko miwili iliyofungwa vizuri, palipokatwa hupakwa rangi au kuzibwa kwa utepe, na mabaki hupanguswa kwa kitambaa kibichi. Ufagio haushikwi kabisa.

Nilimwuliza, "Mwanangu, mbona hukulilowesha?" Akanijibu bila hata kunitazama, "Mama, vumbi hili halimuui mtu leo wala kesho."

Alisema kweli, na ukweli huo ndio ulionichoma. Mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na asbesto, huweza kujitokeza miaka 20, 30 hata 40 baada ya mtu kuvuta vumbi lake. Mama yangu ana miaka 78. Hofu yangu ni kwa huyu wa miaka 4.

Hata hivyo, ripoti ilipokuja nililegea. Ilikuja siku waliyoahidi, imeandikwa kwa lugha inayoeleweka, ikitaja kuwa hadubini ilionyesha krisotili, yaani asbesto nyeupe, jambo ambalo hakuna fundi anayeweza kulithibitisha kwa kutazama tu. Ilieleza pia kwamba mwongozo wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, unataka mabamba yashushwe na wenye leseni, yakiwa yameloweshwa na bila kuvunjwa, kisha yafungwe na kupelekwa kwenye jaa lililoidhinishwa. Nilikuwa tayari kuandika hapa kwamba maabara yao ni nzuri na kwamba kosa ni la kijana mmoja asiyefunzwa, ambaye huenda hata yeye hakuna aliyemjali kiasi cha kumpa barakoa.

Kisha nikarudi ukurasa wa kwanza, ambao nilikuwa nimeuruka. Umeandikwa: sampuli ililoweshwa kabla ya kukatwa, na eneo likasafishwa kwa kitambaa kibichi.

Nilisimama uani nikaona kwa macho yangu. Ikiwa wameandika hivyo kuhusu jambo lililotendeka mbele ya mwenye nyumba, nitaaminije walichoandika kuhusu jambo lililoonekana ndani ya hadubini, ambako mimi sikuwepo? Sifa zote nilizotoa hapo juu naziondoa. Nimepeleka sampuli nyingine kwingine, safari hii iliyochukuliwa ikiwa imelowa.

Ule ufagio nimeufunga katika mifuko miwili, uko nyuma ya nyumba ukimsubiri mwenye kibali cha kuuchukua. Nusu ya fedha iliyobaki wananidai kila siku kwa simu. Nitailipa watakaponiletea ripoti ambayo ukurasa wake wa kwanza unaeleza kilichotokea.